Valvu Nambari Tisa

Watu wa idara ya maji walimwita Bwana Funguo. Mkewe, siku akiwa na hasira, alimwita mume wa chuma. Ufunguo wenyewe ulikuwa fimbo ya chuma iliyomfika kifuani, juu ina mkono wa kukingama, chini ina tundu la pembe nne la kushikia kichwa cha valvu. Aliubeba begani kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja, hata bega lake la kulia likashuka kuliko la kushoto, na fundi cherehani aliyemshonea mashati hakuhitaji tena kumpima.

Mji ulikuwa na tangi moja, juu kilimani, na maji yake hayakuwatosha watu wote kwa siku moja. Kwa hiyo kila mtaa ulikuwa na zamu yake, na zamu ya mtaa wa chini ilikuwa Alhamisi. Bwana Funguo alitembea kufungua alfajiri, jioni akatembea tena kufunga. Mama wa nyumbani akimwona anapita na chuma chake alijua kama leo atafua au hatafua.

Kufunga maji si kazi ya kukurupuka. Valvu ni kama mlango mdogo ndani ya bomba, na maji yanayokimbia, ukiyafungia mlango ghafla, hurudi nyuma kwa kishindo na kupasua bomba mahali ambapo hukutazamia. Yeye alizungusha huku akihesabu, mizunguko ishirini na sita, na ile sita ya mwisho aliipeleka kwa pumzi: nusu mzunguko, pumzi, nusu mzunguko, pumzi. Kisha aliinama, akaweka sikio kwenye mkono wa ufunguo, akasikiliza. Maji yakinyamaza kabisa alitoa daftari na kuandika saa.

Hayo yote alifundishwa. Aliyemfundisha alikuwa fundi mkuu wa zamani, mtu mwembamba aliyevuka mpaka akiwa kijana wakati mabomba yanalazwa, akaoa, akazaa, akazeeka na kuzikwa hapahapa. Alikaa mtaa wa chini pamoja na wenzake waliokuja naye kuchimba mitaro, na watoto wao, na wajukuu wao ambao nchi nyingine hawakuijua hata kwa harufu. Siku ya kustaafu alimkabidhi Bwana Funguo vitu viwili, ufunguo na daftari. Kurasa kumi na mbili za mwanzo zilikuwa na mwandiko wake, herufi zimelala upande mmoja kama majani yaliyopitiwa na upepo, na juu kabisa ameandika jina lake kamili. Kuanzia ukurasa wa kumi na tatu mwandiko ulikuwa wa Bwana Funguo. Katika ukurasa wa nne palikuwa na maneno yaliyopigiwa mistari miwili chini yake: nambari tisa hufunga kushoto.

Valvu nyingine zote za mji, mia mbili na kumi na tatu, zilifunga kwa kuzungushwa kulia. Hiyo moja ilitengenezwa kwingine, ikaletwa mwaka ambao vifaa vilipungua, na ilikaa ndani ya chemba yake ya zege kando ya barabara ya kuteremkia mtaa wa chini. Ndiyo iliyowapa maji watu wa huko.

Mwaka huo nchi iligombana na jirani yake kwa ajili ya kipande cha mpaka kisichokuwa na nyumba hata moja. Bendera zikapandishwa kwenye mageti. Bwana Funguo hakuona ubaya. Bendera aliipenda, na ilipopandishwa ofisini yeye ndiye aliyesimama wima kuliko wote, kadiri bega lilivyomruhusu. Lakini alikuwa mtu wa kusikiliza, na aliwasikiliza watu kama alivyosikiliza bomba. Mwanzoni walisema nchi yetu ni nzuri. Baada ya wiki chache walisema ya wenzetu ni mbaya. Halafu wakaacha kabisa kuisema ya kwao, ikawa kutwa kucha ni habari za mtaa wa chini, kwamba wale ni wageni, kwamba wanahesabiwa pamoja na wenye nyumba. Ikaundwa Kamati ya Wenye Nchi. Mwenyekiti wake alikuwa muuza mbao mmoja mwenye sauti nzito. Katibu wake alikuwa mtoto wa pekee wa Bwana Funguo, kijana wa miaka ishirini na minane, karani wa duka la vifaa vya ujenzi, mwenye mwandiko mzuri na maneno mengi.

Ofisini ilikuja fomu. Kila mtumishi aeleze kwa maneno yake anavyoipenda nchi yake. Bwana Funguo alikaa nayo siku mbili, akaandika: "Valvu ni mia mbili na kumi na nne. Nilipokabidhiwa, sitini na tatu zilikuwa hazifungi. Sasa zote zinafunga na kufunguka."

Mkuu wa idara alimwita. "Hii ni ripoti."

"Ndiyo, mkuu."

"Umeulizwa mapenzi, wewe unajibu vyuma."

Karani wa mita, mwanamke mnene aliyekuwa akipanga mafaili pembeni, hakuweza kunyamaza. "Kaka Funguo, kama hivi ndivyo ulivyomwandikia wifi barua ya uchumba, pole yake."

"Sikumwandikia," alisema. "Nilikwenda kutengeneza bomba la kwao."

Karani alicheka mpaka akashika meza. Mkuu hakucheka. Aliirudisha fomu, akasema iandikwe upya. Bwana Funguo aliichukua na hakuiandika.

Jumapili kabla ya siku ya taifa, ambayo mwaka ule iliangukia Alhamisi, mtoto wake alikuja kula nyumbani. Alikula, akasukuma sahani, akafuta mdomo.

"Baba, Alhamisi ni siku ya taifa."

"Najua. Kalenda ninayo."

"Kamati imeamua mtaa wa chini wasifunguliwe maji. Wiki hiyo moja tu. Mkuu wako amekubali."

"Wamekosa nini?"

"Si suala la kukosa. Ni wajue wako kwa nani."

Mama yake alikuwa anaondoa vyombo. "Na wakishajua, watanawia hiyo?"

"Mama, haya ni mambo ya nchi."

"Nchi imekula chakula changu na haijanyanyua hata sahani yake."

Kijana alitabasamu kidogo, kisha akamgeukia baba yake. Bwana Funguo alikuwa anakwangua kutu iliyoganda kwenye ukucha.

"Huko chini wanakokaa ni nchi gani?" aliuliza.

"Ni yetu. Ndiyo maana tunasema."

"Basi unataka nifunge maji ya nchi yako."

"Baba, wewe unapenda mabomba. Uzalendo si mabomba. Taifa ni kitu kikubwa."

"Inawezekana ni kikubwa. Mimi sijui kukipenda bila kukishika." Mkewe alijua bado hajamaliza, kwa hiyo akasimama na sahani mkononi. "Kesho wale wa chini wakihama wote, mimi kazi yangu ni ileile. Nitafungua, nitafunga, nitatia grisi. Wewe utakuwa na kazi gani?"

Kijana alisimama. Alitoa barua ya mkuu wa idara, yenye mhuri, iliyosema kumbukumbu zote za maji zikaguliwe na katibu wa kamati. Bwana Funguo aliisoma mara mbili. Ilikuwa na tarehe na sahihi, na yeye hakuwahi kupinga kitu chenye tarehe na sahihi. Aliingia chumbani akatoa daftari, akalifunga kwenye mfuko wa nailoni.

"Usikunje kurasa," alisema.

Jumatano mkuu alimwita na kumwambia kwa mdomo kuhusu nambari tisa. Bwana Funguo aliomba aandikiwe.

"Mambo mengine hayaandikwi," mkuu alisema, akitazama dirishani.

"Basi ratiba ndiyo iliyoandikwa, mkuu. Inasema Alhamisi."

Alhamisi alfajiri alifunua chemba ya nambari tisa, akaushusha ufunguo, akaizungusha valvu kulia, upande wake wa kufungua, mizunguko ishirini na sita, mpaka ikagota. Aliinamisha sikio akasikia maji yanateremka. Mjane wa fundi mkuu alikuwa tayari kwenye bomba la kona na ndoo mbili. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, na Bwana Funguo alimwita mama tangu ujana.

"Tuliambiwa leo hutakuja," alisema.

"Nimekuja, mama."

"Nenda nyumbani sasa, mwanangu. Wasikukute."

Hakwenda. Alikaa kwenye ukingo wa chemba, ufunguo umelala magotini, kama mtu anayelinda mgonjwa. Saa nne walifika, watu kama ishirini wenye bendera ndogo mikononi, mbele muuza mbao, ubavuni mkuu wa idara amevaa viatu vya sikukuu, na nyuma yao mtoto wake, daftari kwapani. Juu ya jalada walikuwa wamebandika bendera ya karatasi.

"Kabidhi ufunguo, Bwana Funguo," mkuu alisema. "Ni mali ya idara."

Ilikuwa kweli, ulikuwa mali ya idara. Aliutoa. Fundi mmoja kijana wa idara aliupokea bila kumwangalia usoni na kuushusha ndani ya chemba.

"Hiyo inafunga kushoto," Bwana Funguo alisema.

Muuza mbao aliangua kicheko. "Mzee anatuona watoto. Kila mtu anajua kufunga ni kulia. Anataka tuwafungulie zaidi wajomba zake."

"Imeandikwa. Ukurasa wa nne. Katibu anayo."

Wote wakamgeukia kijana. Alilifungua daftari taratibu. Bwana Funguo alisimama karibu kiasi cha kuona, na kitu cha kwanza alichokiona ni mwandiko wake mwenyewe. Ukurasa wa kumi na tatu ulikuwa ndio wa kwanza. Kati yake na jalada palikuwa na ukingo wa karatasi uliochanwa, wenye meno kama kitana.

"Hakuna ukurasa wa nne hapa," kijana alisema. Alimtazama baba yake mara moja tu, na katika mtazamo huo Bwana Funguo akajua nani aliyechana, na kwa nini. Kamati haikutaka jina la mgeni likae kwenye kumbukumbu za nchi.

Alimngoja aseme. Kijana alilifunga daftari na kulirudisha kwapani.

Fundi akazungusha kulia. Valvu haikusogea, kwa kuwa ilikuwa wazi mpaka mwisho.

"Kutu," muuza mbao alisema. "Leteni bomba."

Walivika bomba refu kwenye mkono wa ufunguo ili kuongeza nguvu, wakashika wanaume wanne.

"Mtaivunja," Bwana Funguo alisema. "Haina pa kwenda."

"Mzee, nenda kawasaidie kubeba ndoo."

Chuma kilitoa mlio mfupi mkavu, kama mtu anayevunja kuni kwenye goti. Wanaume wanne walianguka kwa pamoja. Kisha maji yakatoka, kwanza kahawia, kisha meupe, yakapanda kufikia nyaya za umeme, yakafunika bendera, viatu vya mkuu na barabara yote. Watu walikimbia kila upande. Hapakuwa na namna ya kuyazuia pale. Namna pekee ilikuwa nambari moja, juu kabisa chini ya tangi, na hakuna aliyeuliza ni nani anayejua ilipo. Bwana Funguo aliuokota ufunguo topeni, umepinda kidogo, akapanda nao kilima. Hakuna aliyemzuia. Huko juu wengine walimfuata wakimhimiza afanye haraka, maana maji ya tangi yalikuwa yanashuka mbele ya macho yao. Hakufanya haraka. Mizunguko arobaini, na kumi ya mwisho kwa pumzi. Angeharakisha, bomba kuu lingepasuka chini ya hospitali.

Alipomaliza, tangi lilikuwa limebaki na maji ya kufika magotini, na mji mzima ulikuwa mkavu.

Ulikaa mkavu siku kumi na saba, juu na chini, kwa wenye bendera na wasio nayo. Mtu angedhani kiu ya pamoja itawafikirisha. Bwana Funguo mwenyewe alidhani hivyo, mpaka redio ya mji ilipotangaza kwamba ni hujuma, na kwamba mfungua maji mmoja mwenye mapenzi na wageni aliiharibu valvu makusudi.

Aliitwa mbele ya mkuu na mwenyekiti wa kamati, ofisini, mchana, kwenye chumba kilekile cha fomu. Mtoto wake alikaa mwisho wa meza akiandika kumbukumbu za kikao. Karani wa mita alikuwa amehamishiwa stoo.

"Unasema ilikuwa imeandikwa," mkuu alisema.

"Ukurasa wa nne."

"Haupo. Nani aliutoa?"

Kalamu ya kijana ilisimama. Bwana Funguo aliitazama, kalamu ya bluu yenye kifuniko kilichotafunwa. Kijana wake alitafuna vifuniko tangu darasa la kwanza, na mama yake alimpaka pilipili bila mafanikio. Neno moja lingemrudishia kazi yake na jina lake. Kijana naye angebaki mikononi mwa watu wale wale aliowafundisha namna ya kumtendea msaliti.

"Sijui," alisema.

Ulikuwa uongo wake wa kwanza ndani ya ofisi ile, na aliusikia ulivyo. Kalamu ikaendelea kuandika.

Jioni mkewe alimwambia bila kuulizwa. "Jumatatu ile kabla ya sikukuu mtoto alikuja nikiwa uani, akaniwashia jiko kwa karatasi. Nilifurahi hata, nikasema leo kakumbuka. Nilidhani ni magazeti."

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi imetosha."

"Haijatosha," alisema, na tangu siku hiyo jina la mume wa chuma hakulitumia tena hata kwa hasira.

Waliachishwa kazi wawili, yeye na fundi kijana. Maji yaliporudi mitaa mingine, mtaa wa chini haukurudishiwa, kwa maelezo kwamba vifaa vya nambari tisa havipatikani. Watu wakaanza kuondoka, kuelekea ng'ambo ya mpaka. Yeye alikwenda kumsaidia mjane kupandisha godoro kwenye lori. Mjane alikuwa ameng'oa bomba la ukutani mwake, lile mumewe alilolifunga kwa mkono wake, akalifunga kwenye kanga.

"Wajukuu wananiuliza huko maji ni siku gani," alisema. "Nitawajibu nini? Sijawahi kufika."

"Mzee hakuwa anasimulia?"

"Alisimulia. Alisema mvua ya kwao ina sauti nzuri kuliko ya hapa. Basi, hiyo tu. Hapa hakuwahi kupatukana. Akisifia kwao, halafu anabeba ufunguo anakwenda kutia grisi valvu zenu." Alimshika Bwana Funguo kwenye lile bega lililoshuka. "Uliipenda nchi yako kama yeye alivyoipenda. Mungu akupunguzie maumivu yake."

Alibaki barabarani mpaka vumbi la lori lilipotulia. Halafu akapita dukani, akanunua daftari la kurasa arobaini na nane.

Alianza kuandika upya kurasa kumi na mbili kwa kumbukumbu, mezani, kila asubuhi, saa ambazo zamani alikuwa anatembea. Hakuiga ule mwandiko uliolala. Lakini juu ya kila ukurasa aliandika jina la fundi mkuu kwanza, kama lilivyokuwa.

Wiki ya sita mtoto wake alikuja. Hakuingia ndani mara moja. Alisimama mlangoni, amekonda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Wamepata kifaa cha nambari tisa. Wataweka mtaa wa chini watu wengine, nyumba zimegawiwa. Lakini mafundi wapya wanaogopa kuigusa. Na ile ya sokoni, na za hospitali. Hawajui mizunguko." "Wamenituma."

Mkewe, aliyekuwa anachambua mchele kwenye ungo, aliacha mikono yake pale ilipokuwa. Bwana Funguo alifikiri juu ya hospitali, na juu ya watu ambao wangefunga kwa pupa. Maji yale hayakuwa ya kamati.

"Kaa," alisema. "Andika mwenyewe. Hili langu halitoki."

Kijana alikaa, akachukua karatasi, akatoa ile kalamu.

"Anza na jina lake."

"La nani?"

"Unalijua."

Kijana aliinama juu ya karatasi. "Baba, ni lazima?"

"Kwangu ni lazima."

Akaandika. Baba alisoma, yeye akanakili, namba kwa namba, mizunguko kwa mizunguko, na alipofika ya tisa aliuliza kwa sauti ndogo, "Upande gani?"

"Kushoto," baba alisema, na kijana akaandika kushoto, akapiga mistari miwili chini bila kuambiwa.

Iliwachukua asubuhi nzima. Kijana aliaga, akamwambia mama yake atakuja Jumapili, akatoka. Bwana Funguo alisogea dirishani. Alimwona anafika getini, anasimama, anatazama huku na huku barabarani. Alimwona anazitoa karatasi mfukoni, anaikunja ile ya kwanza kwa uangalifu karibu na ukingo wa juu, anapitisha ukucha kwenye mkunjo, na kuuchana ukanda mwembamba wenye jina. Ukanda aliutia mfuko mmoja, karatasi mfuko mwingine.

"Ameshaondoka?" mkewe aliuliza.

"Ameondoka."

Alirudi mezani, akafungua daftari ukurasa wa tano, akaandika jina juu.